Mjomba Ni Wewe: Habari ya Jando la Wakristo Kusini

Dada yangu alinipigia simu mwezi wa tano, nikiwa chumba cha habari nahariri habari ya minada ya ufuta. Hakuzunguka. "Kaka, likizo ya Juni mtoto anaingia jandoni. Mjomba ni wewe."

Kwa msomaji wa Moshi au Bukoba sentensi hiyo ya mwisho haina uzito wowote. Kwetu kusini ni kama kuitwa mahakamani. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama yake. Baba anaheshimiwa, baba analisha, lakini siku ya mtoto kuvuka kutoka utoto kwenda utu uzima watu wanageuka na kumtafuta mjomba. Sasa mjomba huyu alikuwa na matatizo mawili. La kwanza, mimi nilitahiriwa hospitali Dar es Salaam nikiwa mdogo, nikapewa soda na kurudishwa nyumbani kwa teksi. Sikuwahi kulala kumbini hata usiku mmoja. La pili, mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa siku tulipomzika mama.

Na mtoto mwenyewe amebatizwa Mwanglikana, ilhali baba yake ni Mwislamu wa hapo hapo Mandawa. Ndoa yao ni ya bomani. Ndugu wa shemeji walishaanza kuuliza: huyu akitoka jandoni atatoka na jina gani?

Nilifanya kile ambacho mwandishi wa habari hufanya akiogopa kitu. Nilianza kukisoma.

Nilichokikuta ni kwamba swali la ndugu wa shemeji lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba kuna watu waliolihangaikia sana katika nchi hii hii, kati ya mto Lukuledi na Ruvuma, wengi wao mapadre Waafrika ambao majina yao hatukufundishwa shuleni.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, Zanzibar, aliondoka pwani ya Lindi na kikundi cha watu waliokombolewa utumwani. Lengo lilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakachoka, wakapapenda, wakakaa. Huo ndio mwanzo wa Masasi ya Wakristo: watu waliokuwa njiani kwenda nyumbani, wakaishia katikati. Miaka sita baadaye, 1882, Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia misheni hiyo, wakaua na kuteka watu, na sehemu ya kazi ikahamia Newala.

Nimefikiria sana hao waliokombolewa. Wengi walichukuliwa wakiwa watoto. Hawakuwa na mjomba. Hawakuwa na ukoo wa kuwaingiza popote, na misheni ndiyo ilikuwa ukoo wao. Kwa mtu wa namna hiyo kanisa halishindani na jando, kwa sababu hana jando la kushindana nalo. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, Myao aliyesomeshwa Kiungani, Zanzibar, na kisha Canterbury, Uingereza, alipelekwa Chitangali kufanya kazi, na mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. (Ndiyo, Majaliwa. Ukitaja jina hilo Ruangwa leo kila mtu anamfikiria aliyekuwa mbunge wao na Waziri Mkuu. Huyu ni mwingine, wa karne nyingine.)

Lakini wenyeji waliobatizwa baadaye walikuwa na wajomba. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Hebu fikiria padre wa miaka ya 1890 au 1900 katika kijiji cha huku. Amefundisha watoto, amewabatiza, wanaimba vizuri. Mavuno yanakwisha, mtama uko ghalani, pombe inapikwa, ngoma zinaanza kulia. Kesho yake darasa limebaki tupu. Wavulana wamechukuliwa na wajomba zao kwenda porini, na watakaa huko wiki kadhaa. Padre akikataza, anamkataza nani? Baba aliyebatizwa hana mamlaka hayo. Mama hawezi kumkatalia kaka yake. Na mtoto mwenyewe anajua kwamba asipoenda atabaki mtoto hata akiota mvi: hataoa, hatasemeshwa na wakubwa, hatazikwa kama mtu mzima. Ukimwambia achague kati ya hayo na Komunyo, umemwonea tu.

Kulikuwa na jambo la pili. Jando lenyewe lilikuwa linabadilika. Wayao walikuwa na sherehe yao ya zamani iliyoitwa lupanda, kwa jina la tawi lenye panda lililosimikwa mahali pa sherehe. Chini ya mti uliwekwa unga, mbepesi, kwa ajili ya wazee waliotangulia. Lakini biashara ya pwani ilipoingia bara iliingia pia na namna ya jando la Kiislamu, lenye mwalimu, lenye dua, na lenye jina jipya. Mvulana aliingia kumbini akiwa hana dini ya kitabu akatoka akiitwa Saidi. Felicitas Becker, mwanahistoria aliyetafiti jinsi Uislamu ulivyoenea vijijini kusini-mashariki mwa Tanzania, ameonyesha kwamba uenezi huo haukuletwa na upanga wala na masheikh wageni peke yao. Wanavijiji wenyewe waliuchukua, na wakauingiza katika mambo yao ya kila siku. Watu waliupokea pale ambapo maisha yao yanageuka: kutahiriwa, kuoa, kuzika.

Kwa hiyo kanisa lilikuwa na shule, zahanati na jengo la mawe. Uislamu ulikuwa na mlango wa jando. Kwa mtu wa kawaida mlango ulikuwa na maana kuliko jengo.

Halafu zikaja dhiki zilizowapiga wote bila kuuliza dini. Agosti 1905, Maji Maji. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa na wenzake wanne tarehe 14 Agosti akiwa safarini kwenda Peramiho. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa, na ya Masasi pia. Wamisionari wakakimbilia Lindi. Wajerumani wakarudi na kulipa kisasi kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wabenediktini walianza upya Ndanda mwaka 1906. Watu hawajapumua sawasawa, ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamisionari Waingereza wa UMCA walikamatwa na Wajerumani na kuwekwa kizuizini. Oktoba 1917 majeshi yalipigana siku nne Mahiwa, karibu na Nyangao, moja ya mapigano mabaya kuliko yote ya vita hivyo Afrika Mashariki. Vijana walibebeshwa mizigo ya jeshi na wengi hawakurudi. Mwaka 1918 ikapita homa ya mafua.

Sasa angalia nani aliyekuwa analihudumia kanisa la Masasi wakati Wazungu wako kizuizini. Ni mapadre na walimu Waafrika. Walibatiza, walizika, walifundisha, waliamua kesi. Hakukuwa na askofu wa kumwandikia barua. Katika miaka ile jando halikusimama. Mavuno yakipatikana, watoto wakikua, wajomba walikuja kuwachukua, na padre wa Kiafrika ilibidi ajue atafanya nini kesho asubuhi.

Katika vitabu jambo hili lina jina la mtu mmoja: William Vincent Lucas. Dayosisi ya Masasi ilipokatwa kutoka ya Zanzibar mwaka 1926 yeye ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza, na aliiongoza hadi 1944. Lucas alieleza kwa wasomaji wa Uingereza kwamba kanisa halina sababu ya kuvunja sherehe za kuvukia utu uzima. Linaweza kuzitakasa na kuzipa maana ya Kikristo. Mwaka 1928 maelezo yake yalitoka katika kitabu cha insha za kimisionari, na tangu hapo "mfano wa Masasi" ukawa unatajwa kila mahali penye mjadala wa kanisa na mila za Kiafrika.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi kwa ufupi. Jando linafanyika katika msimu wake na porini kwake, si uani kwa misheni. Mahali pa lupanda unasimikwa msalaba. Pale palipokuwa na sadaka kwa wazee panaombwa kwa ajili ya marehemu, na watakatifu wanatajwa kama wazee wa ukoo mkubwa zaidi. Anayetahiri ni Mkristo mwenye dawa safi za kidonda. Mafundisho ya adabu yanabaki, nyimbo za matusi zinatolewa, na mwalimu wa dini anakaa na vijana kumbini. Siku ya kutoka, vijana wameoga, wamenyolewa, wamevaa nguo mpya, wanapelekwa kanisani kwanza ndipo wanakabidhiwa kwa mama zao.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliguna. Lilinikumbusha mtu anayepaka rangi nyumba ya jirani kisha anaweka namba yake mlangoni. Lakini niliendelea kusoma.

Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliichunguza habari ya Masasi katika makala iliyotoka 1972, kwenye kitabu alichohariri pamoja na Isaria Kimambo wetu. Alionyesha kwamba hadithi ya askofu mwenye busara ni sehemu tu ya habari, na kwamba Wakristo Waafrika walikuwa na sababu zao na mabishano yao. Baadaye, mwaka 2008, Anne Marie Stoner-Eby alirudi kwenye nyaraka za misheni na kusema wazi zaidi: waliolianzisha jando la Wakristo ni mapadre Waafrika, na Lucas aliwatetea, akalipanga na kulitangaza. Miongoni mwa hao yumo Kolumba Msigala, padre na baadaye kanoni, aliyeacha maandishi ya kumbukumbu za maisha yake ambayo watafiti wanayategemea mpaka leo.

Hilo lilinishika. Kwa sababu linageuza maana ya kila kitu. Kama wazo lilitoka kwa askofu, basi ni mbinu ya kuvuna watu. Kama lilitoka kwa akina Msigala, basi ni watu wa huku wanaotafuta namna ya kuwa Wakristo bila kuacha kuwa watoto wa mama zao. Mtu anayejua ladha ya ule unga, ambaye ana wapwa wake mwenyewe wanaosubiri kuingia kumbini, haandiki nadharia. Ana Jumatatu ya kukabiliana nayo.

Nisiipambe. Mpango huo uliacha madeni. Wazee wengi hawakuona kwa nini padre awapangie msitu wao. Wavulana waliotoka jando la Wakristo wakati mwingine walichekwa kwamba hawakupitia lenyewe. Na kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi. Unyago wa kwetu hauna ukeketaji, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja na mgogoro wa Wakikuyu wa 1929, ambapo misheni zilidai kiapo na watu wakaondoka kuanzisha makanisa na shule zao. Lakini unyago una elimu ya mwili na ya chumbani, na elimu hiyo ina wenyewe: manyakanga. Padre ni mwanamume, hawezi kusogea. Mmisionari wa kike alikuwa mara nyingi hajaolewa na hajazaa, sasa anamfundisha nini mwanamke wa Kimakua kuhusu kuzaa? Kinamama waliwasikiliza kwa adabu, wakaitikia, wakaenda kufanya yao. Mimi naona hapo ndipo kanisa lilipofika ukingoni. Liliweza kuingia jandoni kwa sababu lilikuwa na wanaume wa huku ndani yake wenye cheo. Wanawake wenye cheo hicho halikuwa nao.

Wakatoliki, walio wengi zaidi upande wa Ruangwa na Nachingwea, walikwenda njia yao na mabishano yao. Mwaka 1960 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. M. Hokororo kuhusu athari za Kanisa juu ya mila za watu wa Lukuledi. Yaani hadi mkesha wa uhuru swali lilikuwa bado liko mezani. Na padre mwingine wa UMCA Masasi, Lyndon Harries, aliyeandika juu ya jando la Wamakonde mwaka 1944, ndiye pia aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kimwera kilichotoka 1950. Nilikipenda kile kitabu kabla sijakifungua, kwa sababu tu kipo.

Bibi yangu mzaa mama alifika Nachingwea wakati wa mradi wa karanga. Alitoka upande wa Masasi na mume wake, mwaka 1948 au 49, pale Waingereza walipokuja na matrekta kung'oa misitu ili wapate mafuta ya kula Ulaya. Mradi ulikufa haraka. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo ikaja kung'olewa. Bibi alibaki. Baadaye, wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, walisogezwa tena, na ndipo ukoo wetu ulipoishia Mandawa, enzi hizo Ruangwa yote ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Nachingwea. Mama alikuwa akisimulia kwamba walipohamishwa bibi alibeba vitu vitatu vya maana: jembe, kitabu cha sala, na udongo wa kaburi la mtoto wake aliyefungwa kwenye kitambaa. Kitabu cha sala na udongo vilikaa kwenye sanduku moja. Hakuona shida yoyote. Nikiwa kijana wa Chuo Kikuu niliona hiyo ni imani nusu-nusu, nikamwonea huruma. Ninakumbuka hata neno nililotumia kwa mama, na silirudii hapa.

Nilifika Mandawa siku moja kabla vijana hawajaingia. Vumbi la Juni ni lile lile, mikorosho imesimama imepauka, na kila nyumba ina ufuta uliosimamishwa kwa mafungu ukikauka. Dada alinipokea kwa uso wa mtu aliyekuwa na wasiwasi kwamba ndugu yake angetuma hela tu na asije.

Siku hizi kukata kunafanywa na mhudumu wa afya. Viongozi wa Lindi na Mtwara nao wamekuwa wakisisitiza miaka yote kwamba jando na unyago vifanywe likizo, mtoto asikose shule. Kwa hiyo kila kitu kimebanwa katika wiki chache. Kumbi lenyewe lilikuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumba za mwisho. Ya kumbini siyaandiki. Nimeandika siri za wakubwa wengi katika kazi hii, lakini ile asubuhi mzee mmoja aliniangalia na kusema, "Wewe wa magazeti, masikio yako yaingie, kalamu ibaki kwa dada yako," na kalamu ilibaki kwa dada.

Naweza kusema la nje. Jioni ile, kabla hawajaingia, wazee walikusanyika chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Walikuwepo wa kwetu, walikuwepo wa shemeji wamevaa kofia zao, na alikuwepo katekista, mzee mkulima wa ufuta mwenye baiskeli isiyo na breki. Padre hupita mara moja kwa mwezi akijaliwa. Kulikuwa na bakuli la unga mweupe. Hakuna aliyeeleza bakuli lile linatafuta nini pale. Ami wa mtoto aliomba dua, mikono wazi, fupi. Katekista aliomba pia. Kisha mzee mmoja akasema, "Mjomba."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba kwenye simu, kweli, yenye mambo ya elimu na nidhamu. Simu ilikuwa mfukoni na sikuweza kuitoa, maana ingekuwa ni kituko. Nikashika unga. Nikajua kwamba ninatakiwa kuwataja waliotangulia, na kwamba wa kwanza kutajwa ni yule ambaye mtoto huyu ametoka kwake. Nikamtaja mama yangu kwa jina lake. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu siku ile ya mazishi. Sauti ikakwama.

Katekista alisubiri. Wote walisubiri, hakuna aliyekohoa. Halafu yule mzee wa baiskeli akasema polepole, kana kwamba ananikumbusha njia, "Endelea na Baba Yetu, mwanangu. Nayo ni ya ukoo." Nikaendelea na Baba Yetu. Nilifika katikati nikasikia dada yangu nyuma, upande wa wanawake, ananifuata. Na shemeji, ambaye hasali sala hiyo, alikuwa ameinamisha kichwa na kukishika kichwa cha mwanawe kwa mkono mmoja.

Wasomaji wa kanisani wataniuliza kama ule unga ulikuwa wa mizimu au wa marehemu waaminifu. Nimelifikiria swali hilo. Mapadre wa Masasi walilifikiria zaidi yangu, wakaandika kanuni, na kanuni zao zina mantiki. Mimi ninachojua ni kilichotokea kwangu. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu na kifo cha mama bila neno. Makanisani Dar nilikosikiliza mahubiri ya ushindi na mafanikio, tena kwa spika kubwa, neno hilo halikunipata. Lilinipata chini ya mwembe, mkononi nina unga, kwa sababu kulikuwa na kazi inayonihusu na watu walionisubiri niifanye. Najua sasa kwa nini akina Msigala hawakutaka kuiacha sehemu ile wazi. Mtu hugeuka mara chache maishani. Anapogeuka anatazama huku na huku aone nani yupo.

Suala la jina lilizungumzwa wiki ya pili, bila mimi. Nilikuwa nimerudi kazini. Dada aliniambia kwa simu kwamba ami alipendekeza moja, mama mkubwa akapendekeza jingine, sauti zikapanda, kisha mtoto mwenyewe kutoka huko kumbini akatuma ujumbe kupitia kungwi wake kwamba ameshachagua. Ni jina la babu mmoja wa zamani wa ukoo wetu, la Kimwera, ambalo halimo katika Biblia wala Kurani. Kila upande ulilalamika kidogo kwa ajili ya heshima, wakakubali. Jina lake la ubatizo bado liko kwenye daftari la parokia. Baba yake bado anamwita anavyomwita.

Nilirudi Mandawa siku ya kutoka. Walikuja alfajiri wamefunikwa shuka, wamenyolewa, wanang'aa mafuta, wanatembea kwa mstari wakiwa wameinamisha macho kama walivyofundishwa. Walipitishwa kwanza kanisani, lile la tofali za kuchoma lenye bati nusu, na wale wa Kiislamu wakasubiri nje kivulini na walimu wao mpaka wenzao walipotoka, ndipo msafara ukaendelea wote pamoja. Kinamama walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Dada yangu alilia akasema ni vumbi.

Mpwa wangu alikalishwa kwenye mkeka. Watu walipita wakimtupia noti na kumwita kwa jina jipya. Nilisogea na bahasha yangu, nimejaa furaha, nikainama, nikamwita kwa jina lake la utotoni.

Hakunyanyua macho. Mkeka mzima ukanyamaza, kisha wazee wakacheka kicheko cha watu waliokuwa wanakusubiri. Kumwita mwali jina aliloliacha kumbini ni kosa lenye faini. Walinitoza jogoo, na kwa kuwa sikuja na jogoo, shilingi elfu ishirini na tano. Nilibishana kuhusu bei. Katekista ndiye aliyepokea hela, akazihesabu mara mbili, akampa ami wa mtoto azishike.